Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Kijana Akiulizwa Juu ya Akili Yake



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo kwa kuonekana ni dogo, walakini limekatiza masomo ya vijana wengi na kuondoa amani katika nyumba nyingi. Yuko kijana mwenye afya, asiyeiba wala kutukana wakubwa, tena akiulizwa darasani huonyesha kwamba ana akili. Lakini kijana huyo husahau daftari nyumbani, huanza kazi tatu asimalize hata moja, hukatazwa neno leo na kesho hulirudia. Baba yake humwita mkaidi. Mwalimu wake humwita mvivu. Jirani husema hana malezi. Kila mtu ana neno la kusema juu yake, ila yeye mwenyewe hakuna amwulizaye.

Twamjua kijana mmoja wa namna hiyo, maana alikuwa mwanafunzi wetu. Tutamwita Yakobo, ingawa hilo silo jina lake. Alikuwa na umri wa miaka 14. Baba yake alipomtuma kuchunga mbuzi, mbuzi walionekana katika shamba la mihogo la jirani, naye Yakobo alionekana chini ya mwembe akitengeneza gari la mabua. Shuleni alikuja bila kalamu, au alikuja na kalamu bila daftari. Sisi tulimsimamisha mbele ya wenzake mara nyingi, tukamwambia ya kuwa anatudharau. Hakujibu neno. Hata siku moja baba yake akaja kwetu, akasema, "Mwalimu, mimi nimechoka. Muhula huu ukiisha namtoa shuleni, nampeleka kwa mjomba wake akabebe matofali. Karo yake itamfaa mdogo wake." Nasi, twaona haya kusema, hatukumkataza.

Kabla hatujaeleza yaliyompata Yakobo, yafaa kwanza tueleze elimu iliyomsaidia, kwa kuwa wako akina Yakobo wengi katika nyumba zetu.

NAHODHA WA AKILI

Wataalamu wa elimu ya nafsi wafundisha ya kuwa akili ya mtu si kitu kimoja. Iko akili ya kujua, ndiyo ile ipimwayo sana kwa mitihani ya shule. Tena iko akili ya kusimamia, ndiyo ituwezeshayo kuyatumia tuyajuayo kwa wakati wake. Mfano wake ni jahazi. Mabaharia waweza kuwa na nguvu, tanga likawa zima, na upepo ukawa mwema. Lakini pasipo nahodha wa kusema sasa tweka, sasa shusha, sasa geuza, chombo kitakwenda mrama. Usimamizi huo wa akili ndio tunaotaka kuunena.

Mwaka 2000 Bwana Akira Miyake na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi ulio mashuhuri hata leo, wakaonyesha kazi tatu za nahodha huyu. Ya kwanza ni kuzuia, yaani kuukamata mkono au ulimi kabla haujafanya lile lililoujia upesi. Ya pili ni kushika akilini, yaani kuyaweka maneno machache tayari wakati wa kuyatumia, na kuyaondoa yaliyopitwa ili mapya yapate nafasi. Ya tatu ni kugeuza, yaani kuiacha njia moja na kushika nyingine mambo yabadilikapo. Juu ya hizo wataalamu huongeza nyingine, kama vile kupanga kazi, kuimaliza, kutawala hasira, na kujiangalia mwenendo.

Nahodha huyu hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ingawa sehemu nyingine pia hufanya kazi pamoja nayo. Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, msimamizi mmoja wa kazi ya reli, jina lake Phineas Gage, alikuwa akishindilia baruti katika mwamba. Baruti ikalipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi ukampenya shavuni ukatokea juu ya kichwa. Watu walishangaa kuwa hakufa. Aliishi mpaka mwaka 1860. Daktari Harlow aliyemtibu aliandika mwaka 1868 ya kuwa Gage aliweza kusema na kufanya kazi, walakini hakuwa tena mtu yule waliyemjua: alipanga mipango mingi na kuiacha mara baada ya kuipanga. Habari zake zimetiwa chumvi na wasimulizi wengi tangu hapo, lakini neno hilo moja lilibaki kuwafikirisha waganga: mtu aweza kubaki na ujuzi wake, akapotewa na usimamizi wake.

Tena yafaa kila mzazi alijue hili: sehemu hiyo ya mbele ndiyo mojawapo ya zile zikomaazo mwisho. Picha za ubongo zilizopigwa kwa vijana wale wale mwaka baada ya mwaka zimeonyesha kwamba huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Basi kijana wa miaka 14 aweza kuwa mrefu kama baba yake na sauti yake ikawa nzito, lakini nahodha wake bado ni mwanafunzi. Mara nyingi sisi twamdai mavuno wakati shamba bado liko katika palizi.

NJIA MBILI ZA KUPIMA

Sasa, mtu atampimaje nahodha asiyeonekana? Ziko njia mbili zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni kumpa mtu kazi ya kufanya mbele ya mpimaji. Kazi iliyo mashuhuri kupita nyingine ilichapishwa mwaka 1935 na Bwana John Ridley Stroop wa Marekani, ambaye alikuwa pia mwalimu wa Biblia katika chuo kimoja cha Nashville. Alichapa majina ya rangi kwa wino wa rangi nyingine, kama vile neno "nyekundu" lililochapwa kwa wino wa kijani, akawaambia wanafunzi wasilisome neno bali waitaje rangi ya wino. Kuzitaja rangi 100 zisizo na maneno kuliwachukua sekunde 63 hivi. Palipokuwa na maneno ya kuwapinga kuliwachukua sekunde 110. Ulimi unataka kusoma, naye nahodha hana budi kuuzuia, na kuzuia huko kwataka muda. Msomaji aliye na kalamu za rangi aweza kujijaribu mwenyewe leo jioni pamoja na watoto wake.

Njia ya pili ni karatasi ya maswali, iitwayo hojaji. Mwaka 2000 mabwana Gerard Gioia, Peter Isquith na Steven Guy, pamoja na Bibi Lauren Kenworthy, walitoa huko Marekani karatasi za kujazwa na mzazi na mwalimu juu ya mwenendo wa mtoto wa kila siku. Mwaka 2004 ikatolewa karatasi ya kijana mwenyewe, kwa wenye umri wa miaka 11 hata 18, yenye maneno 80. Mwaka 2015 zikatolewa upya, na ile ya kijana ikapunguzwa ikawa na maneno 55. Chini ya kila neno kijana huchagua jibu moja katika matatu: kamwe, wakati mwingine, au mara nyingi.

Maneno yenyewe ya karatasi hizo ni mali ya waliozitunga, nazo hutumiwa na watu waliofundishwa, kwa hiyo hatutayachapa hapa. Lakini ili msomaji aelewe, sisi tumetunga mifano yetu. "Nikitumwa vitu vitatu, husahau kimoja." "Huanza kujibu kabla swali halijaisha." "Mpango ukibadilika ghafula, hukasirika kwa muda mrefu." "Huanza kazi nikaiacha kabla haijaisha." Mwaona ya kuwa haya si maswali ya mtihani. Hakuna jibu la kupata wala la kukosa. Ni kijana kueleza jinsi siku zake zilivyopita.

Kisha majibu huhesabiwa, na jumla hulinganishwa na ya vijana wengine wa umri wake. Alama 50 ndiyo ya katikati. Alama ikifika 65 au zaidi, yafaa mtaalamu atazame kwa bidii. Msidhani kwamba alama kubwa ni sifa, kama ilivyo katika mtihani. Hapa ni kama kipimajoto: kadiri ipandavyo, ndivyo taabu izidivyo. Tena kipimajoto chaonyesha ya kuwa homa ipo. Chanzo chake hakikitaji.

JE, SHAHIDI HUYU ASADIKIWE?

Hapa wazazi wengi watauliza, na swali lao ni la haki: Kijana akiulizwa juu ya makosa yake mwenyewe, atasema kweli? Tena hata akitaka kusema kweli, je, anajijua?

Jibu la kwanza ni lile la wazee wetu: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwalimu huona daftari tupu; haoni yanayopita kichwani mwa kijana wakati daftari likingali tupu. Mama husikia mlango ukibamizwa. Haijui ile nusu saa ambayo kijana alikuwa akijizuia asiubamize. Mambo hayo ayajuaye ni kijana peke yake. Kumwacha asiseme ni kuitupa sehemu moja ya ushahidi.

Jibu la pili ni kwamba kata nayo haioni mtungi wote. Mara nyingi vijana wenye taabu ya usimamizi hujiandikia taabu iliyo ndogo kuliko ile wanayoiandika wazazi wao. Si uongo siku zote. Kujiangalia mwenendo ni mojawapo ya kazi za nahodha, na nahodha aliye mchanga hana budi kuwa mchanga katika hiyo pia. Tena mtu hujipima kwa wale walio karibu naye: kijana ambaye rafiki zake wote huchelewa atasema yeye hachelewi.

Jibu la tatu ni hofu. Kijana akidhani kwamba majibu yake yatamletea fimbo, atajibu kwa ajili ya fimbo. Watungaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana katika hesabu zao wametia mitego midogo ya kulinda ukweli. Maneno mawili yaliyo karibu kufanana huwekwa mbali mbali, ili mtu ajibuye ovyo ajulikane kwa kujipinga. Tena majibu yaliyo mabaya kupita kawaida huhesabiwa, ili ajulikane yule aliyemchukia mtoto, au aliyejichukia nafsi yake, wakati wa kuandika.

Liko na jambo la nne, ambalo liliwashangaza hata wataalamu. Mwaka 2013 Bibi Maggie Toplak na wenzake wawili wa Kanada na Marekani walikusanya chunguzi 20 ambazo watu walipimwa kwa njia zote mbili, kazi za mbele ya mpimaji na karatasi za maswali. Ikiwa kipimo cha 1 ni kupatana kabisa na 0 ni kutopatana hata kidogo, kupatana kwa njia hizo kwa kadiri ya katikati kulikuwa 0.19 tu. Katika kila malinganisho 100, yaliyoonyesha kupatana kwa kuaminika yalikuwa 24. Yaani kijana aweza kufanya vema chumbani kwa mpimaji, na nyumbani mambo yake yakawa yamevurugika. Na mwingine kinyume chake.

Mtu asikimbilie kusema kwamba moja katika hizo ni ya uongo. Tufikiri kidogo. Chumbani kwa mpimaji pana kimya. Mpimaji husema, keti hapa, tazama hapa, anza, acha. Nani basi ndiye nahodha chumbani humo? Ni mpimaji. Lakini kijana akitumwa sokoni hakuna wa kumshika sikio; pana kelele, pana rafiki, pana mpira, na njia ni ndefu. Kazi ya chumbani huonyesha awezalo kufanya bahari ikitulia; karatasi ya maswali huonyesha afanyalo katika bahari ya kila siku. Mwenye kutaka kumjua baharia atazame yote mawili.

NA SISI WA KISWAHILI JE?

Neno hili latugusa sana sisi, maana alama zile za 50 na 65 zilipatikana kwa kuwapima vijana wa Marekani. Ni vigumu kumpima kijana wa Tanga au wa Kilifi kwa pishi iliyotiwa alama Chicago. Kila nchi haina budi kupata hesabu za vijana wake wenyewe.

Tena liko jambo la lugha. Kulifasiri neno si kulihamisha tu kama gunia kutoka gari hili kuingia lile. Ukimwuliza kijana juu ya fujo ya chumba chake, hali yeye analala chumba kimoja na ndugu wanne, utakuwa umempima nani? Ukimwuliza kama huchelewa, hali nyumbani hapana saa na njia ya shule ni ya kilomita nane, utakuwa umeipima njia. Kwa sababu hiyo wafasiri waangalifu hufanya hivi: mmoja huyageuza maneno yawe Kiswahili, mwingine, asiyeyaona ya asili, huyarudisha, kisha wote huketi pamoja na kuona maana imepotea wapi. Baadaye huwasomea vijana wachache na kuwauliza, "Neno hili umelielewaje?" Huko Kilifi wataalamu wamefanya kazi ya namna hiyo kwa vipimo vya akili vya watoto; mwaka 2004 Bibi Penny Holding na wenzake walichapisha habari za jinsi walivyovitengeneza vipimo vifae watoto wa mashamba ya huko. Ni kazi ya miaka mingi, wala haijaisha.

Liko na hili la adabu. Mtoto wetu amefundishwa tangu utotoni kumwitikia mkubwa. Akiulizwa na mwalimu kwa mdomo, "Wewe husahau, sivyo?" atajibu, "Ndiyo, mwalimu," hata kama hakusikia swali. Hii ni heshima, nasi hatuilaumu, lakini si ushahidi. Hapo karatasi ambayo kijana huijaza peke yake yashinda ulimi.

YALIYOMPATA YAKOBO

Sasa turudi kwa Yakobo. Mama yake hakusema mengi mbele ya mumewe. Aliuza kuku watatu, akapata nauli, akampeleka mjini katika hospitali iliyo na mtaalamu wa mambo haya, mama mmoja mtu mzima, mpole wa maneno. Akawapa karatasi tatu: moja ya mzazi, moja yetu sisi mwalimu wake, na moja ya kijana. Wakarudi nazo nyumbani, na baada ya juma moja wakampelekea, nasi tukaitwa pamoja nao.

Yule mama aliitazama karatasi ya Yakobo. Kila mstari alikuwa ameandika "kamwe". Kwa karatasi hiyo hapakuwa na kijana mwema kama yeye katika wilaya nzima. Baba yake akacheka kwa uchungu, akasema, "Mwaona? Hata hapa anadanganya." Lakini mtaalamu hakucheka. Akamwuliza Yakobo, "Mwanangu, karatasi hii uliijaza wapi?" Akajibu, "Nyumbani, mama." "Na nani alikuwapo?" Yakobo akatazama chini, akasema, "Baba alikuwa amesimama nyuma yangu."

Akampa karatasi nyingine, akamwambia, "Hii hapana atakayekupiga kwayo. Sema ilivyo." Akampeleka chumba cha pili akamfungia mlango. Sisi tukangoja, na saa ikapita. Aliporudi, majibu yalikuwa mengine. Penye hasira aliandika "kamwe", na kweli hatukupata kumwona na hasira. Penye kushika maneno na kumaliza kazi aliandika "mara nyingi". Na ukingoni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika mambo mawili ambayo hakuulizwa: "Nikiambiwa mengi nasikia la kwanza, mengine yanapotea." Na chini yake: "Nikisimamishwa mbele ya darasa nasahau hata yale niliyokuwa nayakumbuka."

Tulilisoma neno hilo la pili mara mbili, kwa maana aliyemsimamisha ni sisi.

Kisha mtaalamu akaichukua karatasi yetu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa umeandika 'mara nyingi' karibu katika kila mstari. Je, hakuna jambo hata moja kijana huyu alifanyalo vema?" Tukanyamaza. Kumbe ile mitego iliyowekwa kwa ajili ya ujanja wa watoto ilitunasa sisi wakubwa. Tuliijaza karatasi ile jioni moja, tukiwa tumechoka na tumeudhika, wala hatukumpima Yakobo. Tuliipima hasira yetu. Baadaye tukalikumbuka gari la mabua. Lilikuwa na magurudumu manne yaliyozunguka na usukani uliogeuza yale ya mbele. Mtoto aliyelitengeneza aliketi nalo tangu asubuhi hata adhuhuri. Mvivu hawezi kufanya hivyo.

Mtaalamu hakutoa hukumu kwa karatasi peke yake. Alipima macho na masikio ya Yakobo, akauliza habari za usingizi na chakula, akampa kazi za kufanya mbele yake. Akauliza na maradhi ya zamani, mama yake akasema alipata malaria kali yenye degedege alipokuwa na miaka sita. Mtaalamu akasema hilo laweza kuwa chanzo, lakini hawezi kuapa. Sisi tumekuja kujua ya kuwa huko Kampala watoto waliougua malaria ya ubongo walifuatwa kwa miaka miwili, na habari zao zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kama mmoja katika wanne alibaki na upungufu wa akili, kama vile katika kushika maneno au kuzingatia. Watoto wangapi tumewapiga kwa ajili ya kovu la homa?

KWA NINI TUJISUMBUE?

Labda mzazi mmoja atasema, mambo haya yatapita kijana akikua. Kwa wengine hupita. Lakini huko Dunedin, katika nchi ya New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatwa tangu utoto. Katika miaka yao ya kwanza kumi na moja kujitawala kwao kulipimwa kwa ushahidi wa wengi: wachunguzi, wazazi, walimu, na watoto wenyewe. Mwaka 2011 Bibi Terrie Moffitt na wenzake walichapisha matokeo. Waliokuwa na kujitawala kudogo utotoni, walipofika miaka 32 walikuwa na afya mbaya zaidi, fedha kidogo zaidi, na wengi zaidi walikuwa wamehukumiwa mahakamani, hata ilipohesabiwa akili yao ya shule na hali ya wazazi wao. Lakini wale ambao kujitawala kwao kuliongezeka kadiri walivyokua, hali yao ilikuwa njema kuliko ilivyotazamiwa. Basi nahodha hufunzika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASHAURI KWA NYUMBA NA SHULE

Kwanza, karatasi ya maswali isitumike kumpa mtoto jina la ugonjwa. Yafungua mazungumzo, kuyamaliza ni kazi ya mtaalamu.

Pili, kijana ajibupo, wakubwa waondoke. Aambiwe mapema majibu yatasomwa na nani, na kwamba hapana adhabu. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, hatasema kweli tena.

Tatu, mashahidi wawe zaidi ya mmoja. Na wasipopatana, tusiharakishe kumchagua mmoja na kumwita mwingine mwongo. Tuulize kwa nini hawakupatana. Kwa Yakobo kutopatana huko ndiko kulikotuonyesha njia.

Nne, mwalimu au mzazi ashikapo kalamu kumpima mtoto, angoje hasira ipoe, na aanze kwa kukumbuka jambo moja jema alilolifanya mtoto huyo.

Tano, tukiisha kuuliza, tufanye jambo. Kumwuliza kijana taabu yake na kisha kumwacha vile vile ni kumfundisha kunyamaza.

Kwa Yakobo tulifanya mambo madogo. Nyumbani alitumwa neno moja moja, na akitumwa mengi yaliandikwa katika kipande cha karatasi akakitia mfukoni mwa shati. Mkoba wa shule ulifungwa usiku, mama yake akiwapo. Darasani hatukumsimamisha tena. Tulimkalisha mbele, tukamwendea wenyewe kumwuliza amefika wapi. Baba yake alikubali muhula mmoja wa kujaribu, kisha akakubali wa pili.

Yakobo hakugeuka mtu mwingine. Bado husahau, na mbuzi wamekwisha ingia tena katika mihogo ya jirani. Lakini siku ile mbuzi walipoingia, baba yake alimwita akamwuliza, "Ulikuwa ukifikiri nini, mwanangu?" Naye Yakobo akamjibu. Matofali ya mjomba bado yanamngoja mtu mwingine wa kuyabeba, maana Yakobo yuko darasani mwetu hata leo, ameketi safu ya mbele, na karatasi yake iko mfukoni.

Basi, wasomaji wapenzi, aliye na kijana wa namna hiyo nyumbani au darasani asingoje mpaka muhula uishe. Amwite mahali penye utulivu, amwulize, kisha anyamaze asikilize.